Nyumba ya mbali au fleti ya karibu: jibu kwa wanandoa wanaotaka kununua kwa mara ya kwanza

"Nina umri wa miaka 29, mke wangu ana 27, na tuna mtoto wa mwaka mmoja. Sote wawili tunafanya kazi. Ili nisitaje fedha zetu, nimeuita mshahara wetu wa pamoja wa mwezi 100, na hesabu nyingine zote nimezipima kwa hiyo 100. Tumepanga kwa 25, nauli zetu ni 4, tunaweka akiba 12, na iliyobaki, yaani 59, ndiyo tunayoishi nayo. Akiba yetu imefika 600. Tumeona nyumba ya vyumba vitatu pembezoni mwa mji, bei yake 3,600, lakini safari ya kazini ni saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, na nauli zetu zitapanda hadi 14. Tumeona pia fleti ya vyumba viwili karibu na kazini, bei yake 4,200, nauli 5, na ada ya usimamizi wa jengo 2 kwa mwezi. Mkopeshaji anataka tutoe asilimia 15 ya bei, naye atatoa iliyobaki kwa miaka 20 kwa riba ya asilimia 10 inayoweza kubadilika. Anasema tunaruhusiwa kukatwa hadi 40 kwa mwezi. Wazazi wanasema kupanga ni kutupa fedha, na marafiki wanasema bei zinapanda, tukichelewa hatutanunua kamwe. Nimekosa usingizi. Tuchukue ipi?"

Ndugu yangu, nakushukuru kwa kuleta tarakimu pamoja na wasiwasi wako, kwa maana wasiwasi wa nyumba hupungua sana unapowekwa kwenye karatasi. Nilivyokuelewa, umebeba maswali mawili katika gunia moja. La kwanza ni mahali gani pa kununua, na la pili ni lini. Wewe umeniuliza la kwanza tu, kana kwamba la pili wazazi na marafiki wamekwisha kulijibu kwa niaba yenu. Nitaanza na hilo walilolijibu wao, kwa sababu ndilo linalokunyima usingizi, na kwa sababu mtu anayenunua kwa hofu hachagui mahali vizuri.

Kwanza hilo la kutupa fedha. Mkichukua nyumba ya 3,600, mtatoa asilimia 15, ambayo ni 540, na mtakopa 3,060. Kwa riba ya asilimia 10 na muda wa miaka 20, rejesho la kila mwezi litakuwa takriban 29.5. Sasa tazama mwezi wa kwanza. Riba ya mwaka mzima juu ya 3,060 ni 306, na ukiigawanya kwa miezi 12 unapata 25.5. Hivyo katika ile 29.5 mtakayolipa, 25.5 ni riba, na 4 tu ndiyo inayopunguza deni. Kodi yenu ya sasa ni 25. Ikiwa 25 anayopokea mwenye nyumba imetupwa, basi 25.5 anayopokea mkopeshaji nayo imetupwa vilevile; mmebadilisha anayeipokea. Ukweli ni kwamba hakuna iliyotupwa. Kodi hununua makazi ya mwezi pamoja na uhuru wa kuhama, na riba hununua ruhusa ya kutumia leo fedha ambazo bado hamna.

Wazazi wako hawakukosea kabisa, na si haki niwaache wakionekana hivyo. Mwezi baada ya mwezi sehemu ya riba hupungua na sehemu ya deni la msingi hukua, na baada ya miaka 20 mwenye mkopo hubaki na nyumba ilhali mpangaji hubaki na risiti. Ila mwendo huo ni wa polepole kuliko watu wengi wanavyodhani. Baada ya miaka mitano ya kulipa bila kukosa hata mwezi mmoja, mtakuwa mmetoa takriban 1,770, na deni litakuwa limeshuka kutoka 3,060 hadi karibu 2,750. Mkifika nusu ya safari, yaani mwaka wa kumi, bado mtadaiwa asilimia 73 ya mlichokopa. Ndiyo maana faida ya kumiliki humwendea anayekaa muda mrefu, na anayeuza baada ya miaka miwili au mitatu mara nyingi hugundua kwamba ada za kununua na za kuuza zimemeza kila kitu.

Pengine mkopeshaji atawaambia kwamba rejesho likiwa zito mnaweza kurefusha muda hadi miaka 30. Naomba mlipige hesabu hilo kabla ya kulifurahia. Rejesho litashuka kutoka 29.5 hadi 26.9, nafuu ya chini ya 3 kwa mwezi, lakini jumla ya malipo itapanda kutoka takriban 7,090 hadi takriban 9,670. Tofauti ya 2,580 ni karibu mishahara yenu nyote wawili ya miezi 26. Kurefusha mkopo kunasaidia sana riba inapokuwa ndogo. Riba ikiwa asilimia 10, miaka ya ziada huliwa karibu yote na riba yenyewe.

Pili, hofu ya bei kupanda. Bei za nyumba katika miji inayokua hupanda kwa vipindi virefu, na sitakuambia vinginevyo. Lakini hazipandi kila mwaka wala kila mahali. Nchini Marekani bei kwa wastani wa nchi nzima zilishuka kwa zaidi ya robo kati ya mwaka 2006 na 2012. Japani, baada ya bei kufika kileleni mwanzoni mwa miaka ya 1990, bei za ardhi ziliendelea kushuka kwa zaidi ya muongo mzima. Kwa anayenunua kwa fedha zake zote, kushuka kwa asilimia 15 ni maumivu yanayovumilika. Kwa anayenunua kwa asilimia 15 yake na 85 ya mkopo, kushuka huko kunafuta malipo yake yote ya awali, kwa sababu deni haliteremki pamoja na bei. Mkopo hukuza faida na hasara kwa kipimo kilekile, na marafiki wanaosimulia faida zao hawana kosa, ila wanasimulia upande mmoja. Zaidi ya hayo, nyumba mnayoishi ikipanda bei, ile mnayotamani kuhamia baadaye nayo huwa imepanda. Gharama ya kusubiri ni ya kweli, na nitaipigia hesabu hapa chini. Lakini ni gharama yenye kipimo, na hiyo "kamwe" ya marafiki haina kipimo.

Tatu ni ile 40. Hapa ndipo ninapoomba uniamini kuliko popote pengine. Kiwango anachokuruhusu mkopeshaji ni kipimo cha usalama wake yeye. Anauliza uwezekano wa kutolipwa ni kiasi gani, na mkishindwa, nyumba itauzwa kwa bei ya kurudisha fedha zake au la. Haulizi kama mtaweza kumpeleka mtoto kwa daktari, kumsaidia mzazi, au kukaa miezi miwili bila kazi. Hata ile kanuni maarufu ya asilimia 30 ya kipato kwa ajili ya makazi haikuandikwa kwa ajili yenu. Asili yake inajulikana zaidi katika makazi ya umma nchini Marekani: mwaka 1969 sheria iliweka ukomo wa kodi ya wapangaji wenye kipato kidogo kuwa asilimia 25 ya kipato chao, na mwaka 1981 ukomo huo ukapandishwa hadi asilimia 30. Ulikuwa uamuzi wa kiserikali kuhusu ruzuku, kisha ukatembea duniani ukageuka kuwa kama sheria ya maumbile. Mwenye kipato kikubwa anaweza kutoa asilimia 40 akaishi vizuri, na mwenye kipato kidogo akitoa 25 akalala njaa. Kipimo ninachokiamini ni kile kinachobaki.

Basi tupime kinachobaki. Rejesho si gharama pekee ya kumiliki, kwa maana mpangaji humpigia mwenye nyumba simu bomba linapovuja, na mwenye nyumba hana wa kumpigia. Makadirio yanayotumiwa sana ni kutenga kila mwaka asilimia 1 ya bei kwa ajili ya matengenezo. Kwa nyumba ya 3,600 hiyo ni 36 kwa mwaka, au 3 kwa mwezi. Nyumba ya pembezoni, kwa hiyo, itadai rejesho la 29.5, nauli ya 14 na matengenezo ya 3, jumla 46.5, na kuwaachia 53.5. Fleti ya 4,200 itahitaji mkopo wa 3,570 na rejesho la takriban 34.5, ongeza nauli 5, ada ya jengo 2, na 1.5 ya matengenezo ya ndani, jumla inakuwa 43, nayo inawaachia 57. Ninyi wenyewe mmeniambia kwamba mnaishi kwa 59. Kwa hiyo nyumba zote mbili, hata mkiacha kabisa kuweka akiba, zinadai mpunguze matumizi ambayo tayari mmeyabana kwa hiari mpaka mkaweza kukusanya 600. Na mtoto wa mwaka mmoja hapunguzi gharama anapokua.

Umeona pia jambo la pili katika hesabu hizo. Nyumba ya "nafuu" ndiyo inayowaachia kidogo zaidi. Hapo ndipo tunaingia katika swali la mahali, ambalo ndilo uliloniuliza, na ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye utajiri mkubwa kuliko yote.

Ardhi haina bei kwa sababu ya udongo wake, isipokuwa kwa mkulima. Ina bei kwa sababu ya mambo ambayo mtu anayafikia akiwa juu yake. Mwaka 1826 Mjerumani Johann Heinrich von Thünen alieleza kwa nini mashamba yaliyo karibu na mji hukodishwa kwa bei ya juu: mkulima aliye karibu anaokoa gharama ya kusafirisha mazao, na kile anachookoa hugeuka kuwa kodi anayoweza kumlipa mwenye ardhi. Mwaka 1964 mchumi William Alonso aliuhamishia utaratibu huo kwenye makazi ya mijini. Kadiri unavyosogea mbali na ajira, bei hushuka kwa sababu wanunuzi wanadai kufidiwa muda na nauli. Kwa hiyo punguzo la nyumba ya mbali si zawadi. Ni fidia ambayo soko limeikadiria kwa mnunuzi wa kawaida, na swali lenu linapaswa kuwa kama fidia hiyo inawatosha ninyi wawili, wenye kazi hizo na mtoto huyo.

Kuna njia rahisi ya kujua. Kwa masharti mliyopewa, rejesho la 1 kwa mwezi hubeba mkopo wa takriban 104. Maana yake ni kwamba kila 1 mnayoongeza kwenye nauli ya mwezi inawanyang'anya uwezo wa kubeba mkopo wa 104. Nyumba ya pembezoni inawaongezea nauli ya 9 kuliko fleti, na 9 hizo zingebeba mkopo wa takriban 930. Punguzo mnalopewa katika bei ni 600. Fidia haitoshi, na hapo hatujagusa muda hata kidogo. Ada ya jengo inapunguza pengo hilo, lakini hailifungi. Tena nauli ina tabia mbaya ambayo rejesho halina: mkopo huisha baada ya miaka 20, ilhali nauli haina mwezi wa mwisho maadamu mnaenda kazini, na hupanda kila bei ya mafuta inapopanda.

Sasa muda. Saa tatu kwa siku, siku 22 za kazi, ni saa 66 kwa mwezi kwa kila mmoja wenu. Mtu anayefanya kazi saa 40 kwa wiki anaongeza hapo zaidi ya wiki moja na nusu ya kazi kila mwezi, bila malipo. Mwaka 1994 mwanafizikia wa Italia Cesare Marchetti, akijengea juu ya kazi ya Yacov Zahavi, alionyesha kwamba watu wa jamii mbalimbali huelekea kutumia kwa wastani karibu saa moja kwa siku wakisafiri, na kwamba usafiri unapoongezeka kasi huhamia mbali zaidi badala ya kuokoa muda. Saa tatu ni mara tatu ya wastani huo. Nimeketi na wanandoa wengi waliokubali safari ya namna hiyo wakisema watazoea, na ninachokisikia tena na tena ni kwamba ukubwa wa nyumba ulizoeleka ndani ya mwaka mmoja, bali safari haikuzoeleka, kwa sababu kila asubuhi ina usumbufu wake mpya. Ulizeni pia jambo moja dogo lenye uzito mkubwa: nani atamchukua mtoto jioni, na mlezi atalipwa kiasi gani kwa saa mbili za nyongeza kila siku?

Kuna hali ambazo ningeitetea nyumba ya mbali bila kusita. Kama mmoja wenu anafanya kazi upande uleule wa mji, au anafanyia kazi nyumbani siku tatu katika tano, basi nyinyi si wale wanunuzi wa kawaida ambao soko liliwakadiria, nanyi mtalipwa fidia ya safari ambayo hamuisafiri. Hiyo ni bahati ya kuikamata. Kama bibi na babu wa mtoto wanaishi jirani na eneo hilo, gharama ya malezi inabadilika kabisa. Tena, nyumba yenye kiwanja chake ina faida ya kweli, kwa sababu kuta, mabati na mabomba huchakaa na kupoteza thamani kila mwaka, na kinachopanda bei kwa miaka mingi ni ardhi iliyo chini yake. Katika fleti mnamiliki sehemu ndogo ya ardhi mkiwa na wenzenu, na thamani yenu inategemea kama jengo linatunzwa. Ombeni kuona hesabu za chama cha wamiliki na fedha za akiba ya ukarabati, kwa maana jengo lisilo na akiba hiyo huwageukia wakazi wake siku lifti au paa linapoharibika. Ninachowasihi msikilipie ni barabara au reli ambayo muuzaji anasema "inakuja". Kwa kawaida bei yake imekwisha kuingizwa katika bei ya nyumba, na hatari ya kuchelewa au kufutwa mnaibeba ninyi.

Turudi kwenye swali la lini, kwa kuwa hesabu yenyewe imelijibu. Malipo ya awali si gharama yote ya kuingia. Kuna mwanasheria, mthamini, ada ya uhamisho na usajili wa hati, kodi au ushuru wa serikali, ada ya mkopo, na bima. Viwango hutofautiana sana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo nitatumia asilimia 5 ya bei kwa mfano, nawe utaweka yako. Nyumba itadai 540 na 180, jumla 720. Fleti itadai 630 na 210, jumla 840. Ninyi mna 600. Hamwezi kununua yoyote kati ya hizo leo bila kukopa pengine ili muweze kukopa hapa, na hilo silishauri hata kidogo, kwa sababu familia itaingia katika nyumba mpya ikiwa na madeni mawili na haina hata senti ya dharura.

Liongezeeni hilo neno "inayoweza kubadilika". Riba ikipanda kutoka asilimia 10 hadi 13 mapema katika mkopo wenu, rejesho la nyumba litatoka 29.5 hadi karibu 36, na la fleti litakaribia 42. Msidhani ni jambo la nadra. Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa na riba ya asilimia 0.1 mwanzoni mwa Desemba 2021, na kufikia Agosti 2023 ilikuwa asilimia 5.25, familia ambazo riba zao zilifuata mabadiliko hayo ziliona marejesho yakipanda ndani ya miezi. Muulizeni mkopeshaji riba inafuata kipimo gani, inabadilishwa kila baada ya muda gani, ina ukomo au haina, na mkilipa kabla ya wakati mtatozwa faini gani. Akisitasita kuyaandika majibu hayo, msitie saini.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba msichukue yoyote kati ya hizo mbili sasa, na muda wa kusubiri muufanye wa mazoezi. Kwa miezi 18 ijayo ishini kana kwamba mmekwisha kununua nyumba ile: makazi na nauli vinawagharimu 29 leo, nyumba ingewagharimu 46.5, basi tofauti ya 17.5 iende akiba siku ileile mshahara unapoingia. Zoezi hili linafanya kazi mbili. Litawaonyesha, bila hatari yoyote, kama mnaweza kuishi kwa 53.5, na likishindikana mwezi wa nne, mtakuwa mmejua jambo ambalo wengine hulijua wakiwa tayari wameandikiwa barua ya kunadiwa. Likifanikiwa, litawaongezea 315, na akiba itafika 915.

Nakiri kwamba kusubiri nako kuna bei. Tuseme nyumba zinapanda kwa asilimia 6 kwa mwaka. Baada ya miezi 18 fleti ya 4,200 itakuwa inauzwa karibu 4,580, na malipo ya awali pamoja na ada yatafika 917, wakati ninyi mna 915 na hamjaacha hata kidogo kwa dharura. Hivyo fleti hiyo, kwa mshahara wa leo, itabaki juu ya uwezo wenu, na ni afadhali niseme wazi kuliko kuwapa matumaini. Lakini tazameni kinachowezekana. Katika ile 915, wekeni kando 100 isiyoguswa, ambayo ni karibu gharama za makazi za miezi mitatu. Nyumba ya bei ya 3,400 ingedai ada za 170, na ingewaachia 645 ya malipo ya awali na mkopo wa 2,755, ambao rejesho lake ni takriban 26.6. Ikiwa nauli kutoka hapo ni 6 na matengenezo ni 3, jumla ni 35.6, na mnabaki na 64.4: yaani ile 59 mnayoishi nayo, na 5 ya kuendelea kuweka. Riba ikipanda hadi asilimia 13, rejesho litafika karibu 32.3, nanyi mtabaki na takriban 58.7. Akiba itasimama, lakini maisha hayatasimama.

Bei ya 3,400 miezi 18 ijayo ni sawa na nyumba inayouzwa takriban 3,100 leo, kama kupanda huko kwa asilimia 6 kutatimia; mshahara wenu ukipanda, na kiwango hicho kitapanda nao. Hamtaipata pembezoni kabisa kwa nauli ya 6, wala hamtaipata mlangoni pa kazi. Itafuteni katikati: vitongoji vya zamani vilivyo kwenye njia ya usafiri wa kuaminika, majengo yaliyokwisha kukaliwa badala ya mapya, vyumba viwili vidogo badala ya vitatu, kuta zinazohitaji rangi lakini zisizo na nyufa. Wanunuzi wa mara ya kwanza huvipita vitongoji hivyo kwa sababu havina mabango ya mauzo. Na mkiona hata huko hakuna kinachofaa, kuendelea kupanga karibu na kazi huku mkiweka akiba ni uamuzi halali wa watu wazima, hasa katika umri wenu, ambapo kazi nzuri ya mji mwingine inaweza kupatikana mwakani, na uwezo wa kuifuata una thamani kubwa katika miaka ya mwanzo ya kazi.

Kuna mambo ambayo sitathubutu kuyaamua kwa maandishi. Kabla ya kulipa chochote, hata kile kinachoitwa fedha ya kushikilia, mwoneni ana kwa ana mwanasheria wenu wenyewe, asiyeletwa na muuzaji wala dalali, naye aichunguze hati katika ofisi ya usajili wa ardhi: nani anamiliki, kuna rehani, kesi au zuio lolote, na mipaka inalingana na ramani au hailingani. Mlipeni mhandisi au mkaguzi wa majengo aangalie msingi, paa, unyevu na nyaya za umeme. Ada yake ni ndogo kuliko kosa moja la msingi. Kama mmoja wenu ana madeni mengine ambayo hayakuingia katika tarakimu ulizonitumia, nendeni kwanza kwa mshauri wa fedha asiyelipwa kamisheni na mkopeshaji yeyote. Na ninyi wawili mkae na mwanasheria huyohuyo kuamua majina yatakayoandikwa kwenye hati na nini kitatokea mmoja wenu akifariki au mkitengana. Mazungumzo hayo ni magumu, nami nayaona kuwa sehemu ya upendo, kwa sababu yanamlinda mtoto.

Nyumba yoyote mtakayoipenda, msiitazame Jumapili mchana peke yake. Amkeni siku ya kazi, kabla ya mapambazuko, mfike kwenye mlango wake, kisha mwanzie hapo safari ya kazini kwa usafiri uleule mtakaoutumia, mkiwa na mtoto na begi lake, na jioni mrudi kwa njia hiyohiyo. Fanyeni hivyo siku tatu mfululizo, mojawapo ikiwa ya mvua mkibahatika, kisha mwulizane mezani kama mngekubali siku ya nne.